Mkono wa Dawa Haushiki Chupa

Kuna msichana mmoja kule Hurlingham ambaye nimemchukia kwa moyo wangu wote. Anaitwa Sharon, ana tabasamu zuri, ni mcha Mungu, na kila nikienda kliniki yake ananilaza kitandani, analishika goti langu bovu na kulikunja mpaka naona nyota mchana. Wiki iliyopita nilimuuliza, "Wewe binti, mama yako anajua unafanya kazi gani?" Akacheka, akanikunja tena. Nikatoka pale nikimlaani kimoyomoyo, nikafika barabarani, ndipo nikagundua kwamba nimeshuka ngazi zote bila kushika chuma.

Nilisimama hapo kando ya Argwings Kodhek Road nikacheka peke yangu, wapita njia wakanikwepa. Kazi ya yule msichana naijua vizuri sana. Niliifanya mwenyewe mpaka nikastaafu, ila wagonjwa wangu walikuwa na masikio mapana kama ungo na hakuna aliyewahi kuja kwa hiari yake. Mimi niliuguza watoto wa ndovu.

Vijana wa kanisa letu hapa Waithaka wakinipata nje ya lango huniambia, "Shosho, tupe stori za ndovu." Halafu wanataka zile walizoona kwenye simu: ndovu anamkumbatia mlezi, ndovu analia, ndovu anakumbuka. Zipo, sikatai. Lakini hizo ni stori za watu wa chupa, wanaowanywesha maziwa. Mimi nilikuwa mtu wa dawa, na mtu wa dawa hakumbatiwi na mtu. Kwa hiyo kaeni niwaambie yangu, na mkichoka mtaenda kwenye simu zenu.

Nilitoka Vihiga nikiwa msichana, nikapata kazi ya nyumbani Kitisuru kwa familia iliyokuwa na nyanya mgonjwa. Nyanya yule alilala kitandani muda mrefu hata mgongo ukafanya vidonda. Mimi ndiye niliyemgeuza, nikamwosha, nikampaka dawa, naye akinitukana kwa Kiingereza cha zamani ambacho, bahati nzuri, sikukielewa. Alipofariki, kazi ikaisha. Mlinzi wa nyumba ya pili akaniambia kuna kituo kinacholea watoto wa ndovu waliopoteza mama zao, kule mji unapoishia na msitu kuanza, na kwamba wanatafuta mtu wa kuosha chupa za maziwa. Nikavaa viatu vyangu vya kanisani nikaenda.

Mkuu wa walezi alikuwa Mzee Musyoka, Mkamba wa Mutomo, mwembamba, mwenye kofia ya sufu ambayo sikuwahi kumwona ameivua hata jua liwake namna gani. Hakuniuliza cheti. Aliniuliza swali moja tu.

"Msichana, ukiona usaha, chakula kinashuka?"

"Mzee, mimi naweza kula nikiuangalia."

Alinitazama viatu, akanitazama uso. "Basi chupa nitapata mtu mwingine wa kuosha. Wewe njoo huku nyuma."

Huko nyuma kulikuwa na ndama mwenye mkonga uliokatwa nusu na waya wa mtego, na hapo ndipo shule yangu ilipoanzia. Sikilizeni, maana hili linaweza kumfaa mtu. Ngozi ya ndovu hudanganya. Juu inafunga upesi, inakauka vizuri, unamshukuru Mungu na kwenda kunywa chai, kumbe chini usaha unachimba kuelekea mfupa. Kazi ya muuguzi wa ndovu ni kukizuia kidonda kisifunge kabla ya wakati wake. Unakifungua, unakiosha kwa maji vuguvugu ya chumvi, unapaka iodini, kisha unakijaza udongo wa kijani uliokandwa mpaka ukawa laini kama unga wa chapati, ili kipone kutoka ndani kuja nje. Kesho yake unaanza upya. Macho hayatoshi, lazima unuse. Ukipata harufu tamu tamu, kama ndizi iliyopitiliza kuiva, ujue kuna mfuko umejificha mahali, na hutalala usingizi mzuri mpaka uupate.

Na inauma, jamani. Inauma sana.

Siku hizo hatukuwa na ujanja wowote isipokuwa nguvu na magodoro. Wanaume walichukua magodoro makuukuu, wakambana mtoto ukutani kwa pande zote, nami nikapita chini na beseni langu. Mmoja wa wanaume hao alikuwa Wafula, Mbukusu wa Kimilili, kifua kama mlango wa ghala na roho kama ya mtoto mchanga. Siku moja ndama akajipindua, godoro likaanguka, Wafula akawa chini ya godoro, na yule ndama akaona hapo panafaa, akakaa.

"Mama Mmbone!" Sauti ilitoka chini kama ya mtu aliye kisimani. "Mama Mmbone, mtoe huyu mtu!"

"Vumilia kidogo, ametulia!"

"Naumia!"

"Hata yeye anaumia, na hapigi kelele!"

Ndiyo siku pekee katika mwaka ule niliyomaliza kidonda bila haraka. Wafula alininunia mpaka jioni, halafu akanisamehe kwa sababu nilikuwa nimepika chapati. Leo mambo yamebadilika na mimi nashukuru. Vijana walioingia baada yetu wanamfundisha ndovu kutoa mguu mwenyewe katikati ya vyuma vya lango, anaoshwa huku akitafuna matawi, kama mteja wa saluni. Nilipoona mara ya kwanza nilisikia wivu. Nilifikiria mbavu zote tulizovunja bure.

Tukiwa bado kwenye matawi: ndama mgonjwa hawezi kutembea msituni kutafuta majani, kwa hiyo majani yanamfuata yeye. Kwa kuwa nilijuana na walinzi wote wa Kitisuru, mimi ndiye niliyetumwa na pikapu kuokota matawi wanayopunguza kwenye nyua za watu. Mara ya kwanza nilirudi na mzigo mpaka juu, najiona shujaa. Mzee Musyoka akaupakua tawi moja moja, akatoa matawi yote yenye maua mazuri ya rangi ya waridi, akayatupa mbali. "Haya ni ya kupendeza macho," akasema. "Mtoto akila haya, kesho tunachimba shimo." Tangu hapo sikuwahi kubeba jani nisilolijua jina. Ua la tajiri linaweza kuwa na sumu kuliko pori zima la Tsavo.

Sasa nifike kwenye sheria ya Mzee Musyoka, maana ndiyo iliyonifanya nilivyo. Alisema hivi: mkono wa dawa haushiki chupa. Mtoto aliyepoteza mama yake anahitaji mahali pamoja duniani ambapo hakuna maumivu. Mkono uleule unaompa maziwa ukimmwagia chumvi kidondani, atakimbilia wapi? Kwa hiyo watu wa chupa hawakugusa kidonda kamwe, na mtu wa dawa hakugusa chupa kamwe. Na watu wa chupa nao walipokezana, leo huyu kesho yule, wote na makoti ya kijani yanayofanana, ili ndama apende familia nzima asimgande mtu mmoja. Mtu mmoja huenda likizo, huugua, hufa.

Mnaweza kukisia ni nani alipata hasara katika mpango huo. Watu wa chupa walifuatwa huku na huku, walitiwa mkonga shingoni, walipigwa picha na wageni. Mimi nikitokea tu pale njiani na aproni yangu ya plastiki inayonuka iodini, ndama wote wanajificha nyuma ya Wafula. Siku moja mtoto wa shule aliyekuja kutembelea akamuuliza Wafula kwa nini wanamkimbia yule mama. "Huyo?" Wafula akajibu. "Huyo ni mwalimu wa hesabu." Darasa zima likaelewa.

Nilicheka na wenzangu, lakini nitawaambia ukweli, iliniuma. Nilikuwa nikienda nyumbani na harufu yangu nikijiuliza ni kazi gani hii, unamponya mtu naye hataki hata kukuona. Nilipomlalamikia Mzee Musyoka alisema tu, "Mgonjwa haulizwi uji," akaendelea kukoroga maziwa.

Halafu akaja Mutha.

Ndama hupewa jina la mahali alipopatikana, na yeye alipatikana karibu na Mutha, kule Kitui Kusini. Aliletwa kwa ndege ndogo, amefunikwa blanketi, na waya wa mtego kwenye mguu wa mbele wa kushoto. Waya wenyewe ulikuwa hauonekani. Nyama ilikuwa imeufunika kabisa, kwa maana alikua nao ukiwa mguuni. Mama yake hakupatikana, na sikupenda kuuliza zaidi.

Daktari Njoki ndiye aliyeutoa. Daktari alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mwenye tabia ya kuongea na wanyama kwa Kikuyu akidhani hakuna anayemsikia. Mengi ninayojua kuhusu vidonda alinifundisha yeye, magoti yetu yote mawili kwenye tope moja. Alipomaliza, alinawa mikono polepole, akatuita.

"Mfupa uko sawa," alisema. "Kidonda Mama Mmbone atakishughulikia. Shida yangu ni moja. Ona vile anabeba huo mguu."

Tuliona. Mutha alikuwa ameukunja hewani kama mtu anayeogopa kukanyaga makaa.

"Akiendelea kuubeba hivyo, mishipa itajikunja, mguu hautanyooka tena, na huo mwingine utaharibika kwa uzito. Lazima aukanyage. Na aukanyage mapema. Ndovu wa miguu mitatu hana maisha huko nje, na mimi siwezi kumwacha ateseke."

Hakutaja sindano ya mwisho. Hakuna aliyehitaji kutajiwa.

Sasa, Mutha alikataa chupa ya kila mtu isipokuwa ya Wafula. Nadhani ni sauti. Wafula alikuwa mwimbaji wa besi kanisani, na akilisha ndama hunguruma wimbo kifuani bila maneno, sauti ambayo huisikii kwa sikio kama unavyoisikia kwenye mbavu. Mutha aliegemeza mkonga kwenye lile blanketi tunalotundika ili wadhani ni tumbo la mama, akanyonya huku macho yamefumba. Kwa hiyo tukavunja zamu. Tulisema ni wiki hii tu, apate nguvu. Ikafuata nyingine, kisha nyingine, na sote tuliona raha, kwa maana anakunywa, ananenepa, kidonda kinasafika. Mguu hakuukanyaga, lakini tulisema utakuja. Mzee Musyoka alipita, akamtazama Wafula na mtoto wake, akasema, "Mnajenga nyumba kwa nguzo moja." Hatukumsikiliza.

Simu ya Wafula ililia wakati wa chai ya saa nne. Alisikiliza, akakaa chini kwenye nyasi. "Mama ameniacha," akasema.

Mtu haombwi abaki kazini mama yake akiwa hajazikwa. Tulimkumbatia, tukaomba naye pale pale, akaondoka kwenda Kimilili. Kule kwao msiba si wa siku moja, na ni haki. Alilitundika koti lake la kijani kwenye msumari wa banda akasema litamsaidia mtoto.

Mutha alisimama akitazama njia aliyopita Wafula. Chupa ikaletwa, akaisukuma. Ikaletwa na mwingine, akaisukuma. Wanaume wakalivaa lile koti kwa zamu. Alikuja mbio kwa miguu yake mitatu, akanusa mkono wa koti, akapandisha mkonga mpaka kidevuni, akapata ni mtu mwingine, akageuka. Kile kitendo cha kugeuka kilikuwa kibaya kukitazama. Baadaye akalala na hakutaka kuinuka.

Mambo yalipozidi, Mzee Musyoka mwenyewe akaniambia nivunje sheria yake. "Jaribu wewe. Huenda mwanamke." Basi nikajisugua kwa majivu na malimau mpaka ngozi ikawaka. Nikavaa koti la Wafula, likanifika chini ya magoti. Nikashika chupa, ya kwanza maishani mwangu pale kituoni, nikanguruma ule wimbo wa kanisani kwa sauti yangu hii ya kuku. Mutha aliinua mkonga kwa uchovu, akautia kwenye kwapa langu, akavuta pumzi. Halafu akanipuliza makamasi usoni na kuulaza mkonga chini. Wenzangu walicheka, kisha wakaacha kwa sababu hapakuwa na la kuchekesha.

Daktari Njoki alikuja, akampima, akakaa naye muda akiongea Kikuyu chake. Alipoinuka hakututazama machoni. "Anaishiwa. Naweza kumpa maji kwa mshipa, lakini siwezi kumpa hamu ya kuishi. Nitarudi kesho mchana. Kama bado amelala, nitamsaidia aende."

Nilienda nyuma ya stoo nikalia. Nililia kwa hasira hasa. Ule mguu nilikuwa nimeuosha kila siku, niliujua kuliko ninavyoujua uso wangu, na ulikuwa unapona! Nyama ilikuwa nyekundu, safi, haina harufu. Mguu unapona na mwenyewe anakufa.

Kesho yake asubuhi nilichemsha maji ya chumvi kama kawaida. Mmoja wa watu wa chupa akaniona na beseni, akanizuia mlangoni.

"Mathe, wacha tu. Leo mwache apumzike. Unamwumiza ya nini na daktari anakuja?"

"Anapumua?"

"Anapumua, lakini..."

"Kidonda hakijui kama nyinyi mmekata tamaa. Toka njiani."

Nilisema kwa ukali, na sikuwa na uhakika wowote. Mzee Musyoka alikuwa ameegemea ukuta na kofia yake. Nilidhani atanizuia pia. Badala yake alikwenda stoo akaniletea aproni yangu, ile ya plastiki yenye madoa ya iodini, akanivisha kama fundi anavyompima mtu nguo. "Nenda kama wewe," akasema. "Usimdanganye."

Nikaingia, na upepo ulikuwa mgongoni mwangu.

Kwanza sikio likasogea. Halafu mkonga ukainuka, ncha ikageuka huku na huku, ikanielekea. Jicho likafunguka. Wanangu, nimetazamwa na watu wengi katika maisha yangu, wakiwemo mawifi, lakini sijawahi kutazamwa vile. Kilichokuwa kwenye lile jicho kilikuwa: wewe tena? Hata leo?

Akainuka. Sijui alizitoa wapi zile nguvu. Aliinuka kwa kupepesuka, akatandaza masikio, akapiga kelele iliyowarusha ndege wote juu ya mabati, akanijia. Nami kwa kuwa ni mtu wa dawa nilitazama mguu kabla ya kutazama kichwa. Mguu wa mbele wa kushoto uliteremka. Ukagusa vumbi. Ukakanyaga.

Nikasimama nimeduwaa nikiutazama, na bila shaka angenisaga.

"Kimbia!" Mzee Musyoka alipiga ukelele. "Mama Mmbone, kimbia! Usitoke nje! Zunguka!"

Nikatupa beseni, nikashika aproni, nikakimbia. Nilizunguka ule uwanja kama kuku aliyeona kisu, gambuti moja ikabaki kwenye tope, na nyuma yangu nasikia: tatu, halafu kitu, tatu, halafu kitu. Kile kitu kilikuwa mguu wake. Hakuna hata mmoja wa wale wanaume aliyekuja kuniokoa. Wote walikuwa wameinama wanatazama unyayo wa ndovu, wakihesabu kwa sauti kama watu wanaoshangilia mpira. Mwisho nikajirusha nyuma ya magodoro, nikajifunika.

Mutha akasimama katikati ya uwanja akihema. Alitikisa kichwa, akarusha vumbi upande wangu, akatikisa tena. Alikuwa amechoka, amekasirika, na kwa mara ya kwanza tangu Wafula aondoke, alikuwa na kiu. Mzee Musyoka alichukua chupa, akaipitisha kando ya blanketi, akangoja. Mutha akaegemeza mkonga. Akanyonya yote huku jicho moja likiwa juu ya magodoro yangu, kuhakikisha sitoki. Akaomba nyingine. Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi.

Daktari Njoki alifika mchana na mfuko wake, akamkuta amesimama kivulini, mguu uko chini, unatetemeka lakini uko chini. Aliuweka mfuko wake polepole kwenye nyasi.

"Nani alimwinua?"

"Mama Mmbone alimkasirisha," akasema Mzee Musyoka.

Daktari alinitazama, tope mpaka nywele, gambuti moja. Alicheka mpaka akafuta macho, kisha akaendelea kufuta macho bila kucheka. "Basi amkasirishe kila siku," akasema.

Ndivyo tulivyofanya. Kila asubuhi kabla ya maziwa niliingia na aproni yangu, nikanuka, nikafukuzwa. Mzunguko mmoja, kisha miwili. Mchana nilikiosha kidonda huku amebanwa kwa magodoro kama kawaida, na nilihakikisha hakisahau kuuma. Wafula aliporudi, kichwa kimenyolewa kwa desturi ya msiba wao, Mutha alimnusa upara wote kwa mshangao, akamkumbatia, na siku hiyo hiyo tukamrudisha kwenye zamu pamoja na wengine. Wafula alikubali. Alikuwa ametoka kumzika mama, alielewa kuliko sisi maana ya kubaki na mtu mmoja tu.

Mguu ulinyooka. Ulibaki na kovu linalozunguka kama bangili, basi.

Wakati wa kumhamisha kwenda Tsavo, kujiunga na ndovu wengine wanaorudi porini, walezi wote walipanga mstari kumuaga, kila mmoja akimpulizia pumzi mkongani ili amkumbuke. Mimi nilikaa nyuma ya lori, upande ambao upepo hauchukui harufu. Sikutaka apande gari akiwa na hofu. Lori liliondoka na sikumuaga, na moyo uliniuma kama wa mzazi yeyote anayepeleka mtoto bweni. Kama kuna kijana anayesikiliza hapa anayewaza kuingia kazi hii, au uuguzi, au ualimu, au kuwa mzazi tu, nataka ajue siku hiyo ipo. Fanya kazi yako siku hiyo pia.

Wafula alihamia Tsavo baadaye na yuko huko hadi leo. Huwa ananipigia akikumbuka. Juzi nilikuwa uani kwangu nachambua mboga za managu, simu ikalia.

"Mama Mmbone! Umekaa?"

"Nimekaa. Nani amekufa?"

"Hakuna mtu amekufa! Mutha amezaa. Kasichana! Amekaleta mpaka hapa kwa maji, katuone. Nimekagusa, Mama, nimekagusa na mkono wangu."

Niliacha managu. Nikamwambia amshukuru Mungu, naye akaniambia ngoja, bado hujasikia.

"Si tuko na daktari mpya, kijana tu. Amekuja kuangalia ndovu mwingine. Ameshuka kwa gari na begi yake, zile dawa zake zinanuka. Mutha alikuwa ng'ambo ile ya maji. Akainua mkonga hivi. Mama, huyo mtoto alisukumwa nyuma yake, halafu nikaona vumbi tu! Daktari yuko juu ya gari. Mpaka saa hii tunavyoongea, hajashuka!"

Nilisikia watu wakicheka nyuma yake na mtu akiomba msaada kwa mbali.

"Na mguu?" nikamuuliza.

"Mguu gani?"

"Wafula. Ule mguu. Alikimbia vipi?"

Nikasikia upepo wa huko kwenye simu.

"Mama, wacha nikwambie ukweli," akasema. "Vile alikimbia, sikukumbuka hata kuangalia."

Nilibaki na sufuria ya managu mapajani, nikalia kwa sauti, mpaka mama wa nyumba ya pili akaja mbio kuuliza nani amefariki, nami kwa kucheka nikashindwa kumjibu.